Kusonga Ugali Ndani ya Karavani

Fereej Bin Mahmoud,
Doha, Qatar.
26 Aprili 2013.

Kwako Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu, za Wesley, na za mjukuu wako Valerie, ambaye ametia sahihi yake kwa uji hapo kwenye pembe ya karatasi, usije ukadhani ni mvua ya posta. Goti lasemaje? Daktari alikubadilishia dawa, au bado unajipaka ile inayonuka kama kwa fundi wa baiskeli? Na ng'ombe je, ameshazaa? Mara ya mwisho ulisema amekaribia, halafu ukanieleza habari za mazishi ya mtu nisiyemjua, halafu laini ikakatika, nikabaki sijui aliyekufa ni nani na aliyezaa ni nani. Sisi huku ni wazima. Joto limeanza kubisha hodi. Valerie ametoa meno ya juu na ameyajaribu kwenye bega langu. Mimi nimechoka, lakini ni uchovu wa kawaida wa mtu mwenye mtoto, usiupeleke kanisani kuombewa.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe hunimalizia maneno. Nikisema, Mama, nilikuwa nataka, wewe tayari umesema ndiyo, nimeshakinunua. Karatasi haikatizwi. Kwa hiyo nakuomba uvae miwani, ukae chini, usome kuanzia hapa, usiruke kwenda ukurasa wa mwisho. Nakujua.

Tulipatana kwamba Charity, yule muuguzi wa Kapenguria, akija likizo mwezi wa sita, aje na Valerie, umlee huko Kitale mpaka sisi tujipange. Najua umeshapaka chumba chokaa. Najua na kitanda umenunua. Sababu ya mpango huo ilikuwa ni mahali pa kukaa, si kitu kingine. Hapa tunaishi katika nusu ya kile kilichokuwa sebule ya Mwarabu. Nusu ya pili anaishi Shamira, Mganda wa Jinja anayesafisha vyumba hotelini, na katikati yetu kuna plaiwudi nyembamba kiasi kwamba Wesley akipiga chafya, Shamira humpa pole. Miguuni pa kitanda chetu tumefunga pazia, na nyuma ya pazia analala Ronny, binamu yake Wesley, aliyekuja kwa wiki moja wakati Valerie bado yumo tumboni. Sasa mwenye nyumba amesema watu wa baraza la mji wanapita wakibomoa plaiwudi, na kila mtu atafute pa kwenda kabla mwezi wa tano haujaisha. Tusipopata mahali, Valerie anakuja kwako. Tukipata, nilijiambia moyoni, tutaona. Hilo la tutaona sikumwambia mtu.

Sasa, unajua kazi ya Wesley ni kuendesha gari la kuvuta magari yaliyoharibika. Lakini msimu wa baridi wenye nchi hii huhamia jangwani kwa raha zao, na hawaendi na hema tu. Wanakwenda na karavani. Hiyo ni nyumba kamili, Mama, ina kitanda, jiko na choo, ila iko juu ya magurudumu na inavutwa na gari. Wesley ndiye huwavutia kwenda, ndiye huwavutia kurudi. Basi jioni moja akaja anacheka peke yake. Akasema mwenye kampuni amekubali tukae kwenye uwanja ulio nyuma ya nyumba yake, kule Muaither. Maji yapo, stima ipo, ukuta upo, mtende upo. Chumba ndicho hakipo. Chumba tuje nacho wenyewe. Nikamuuliza mtu huja na chumba namna gani. Akasema kwa magurudumu.

Nilidhani ni jua limempiga kichwani. Lakini alikuwa na hoja zake. Alisema huu ndio wakati wa kununua, kwa sababu msimu umeisha na watu wanauza karavani zao wasije wakakaa nazo kiangazi kizima. Bei sitakutajia, presha yako itapanda bila faida. Tukakubaliana tununue. Ambacho hatukukubaliana ni saizi.

Wesley alitaka ile kubwa kabisa. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu hanunui nyumba kwa hesabu ya watu alio nao, ananunua kwa hesabu ya wale watakaokuja. Nilimwambia wale watakaokuja huja kwa sababu wamesikia kuna nafasi. Nyuma ya pazia Ronny akakohoa. Akasema yeye hana maoni, ila mtoto anahitaji mahali pa kukimbia. Kutoka upande wa pili wa plaiwudi Shamira akasema yeye yuko na mimi, na kwamba Ronny aache kumtumia mtoto kujitafutia godoro. Wesley akasema hii ni ndoa ya watu wawili. Shamira akasema basi waongee kama watu wawili, yeye alikuwa anajaribu kulala. Ndivyo tulivyokuwa tunaamua mambo ya nyumba yetu, Mama, kama bunge.

Kosa ni kwamba Wesley alitangaza habari hii kwenye ibada ya Ijumaa, maana huku Ijumaa ndiyo Jumapili yetu. Nawe unajua watu wetu. Kitu kikubwa hakinunuliwi na mtu mmoja, kinaendewa. Tulipokwenda Industrial Area kuziangalia, tulikwenda na basi dogo la kampuni ya mtu, limejaa ushirika mzima, akina mama wamevaa vitenge, na mbele amekaa Kiprop, anayetuongoza katika maombi, ambaye siku za kazi ni mlinzi kwenye duka kubwa. Alikuwa amefunga tai. Ungedhani tunakwenda kuposa.

Na kweli alianza hivyo hivyo. Mwenye karavani ni Mpakistani mmoja mnene na mpole, jina lake Khan, na alipotuona tunashuka alifurahi sana, alidhani kila mmoja ananunua yake. Kiprop akasafisha koo, akamwambia kwamba tulikuwa tunapita tu njiani, tukaona kwenye boma lake kuna ua limechanua. Khan akasema hapana, rafiki, maua hakuna hapa, karavani tu. Kiprop akamwomba awe na subira, mambo huanza hivi. Khan akaniangalia mimi. Nikaangalia chini.

Karavani kubwa ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Nyeupe, ina mistari ya bluu, ina kabati la vioo, na nyuma kabisa kuna chumba cha kulala chenye godoro lililomfanya Ronny aseme maneno ya shukrani. Kila mtu alitaka kukiona hicho chumba. Sasa elewa kitu kimoja. Karavani ikishafunguliwa kutoka kwenye gari inasimama kwa magurudumu yake ya katikati na kimguu cha mbele, basi. Kule nyuma ni lazima ushushe jeki mbili za kuishikilia, la sivyo uzito ukiwa mwingi nyuma, inabinuka kama ubao wa watoto wa kupanda na kushuka. Khan hakuwa ameshusha jeki, kwa sababu wateja wake huja wawili, mume na mke, wanachungulia wanaondoka. Aliyepaswa kukumbuka ni Wesley, ambaye huwaonya watu jambo hilo hilo jangwani kila siku. Lakini Wesley alikuwa ameingia bafuni kupima kama kichwa chake kinatosha.

Basi wote wamejibana kule nyuma, wengine wamekaa kitandani, na Kiprop akasema kabla hatujazungumza bei tuiweke mikononi mwa Bwana. Macho yakafungwa. Mimi nilikuwa mlangoni na Valerie mgongoni, na tangu nizae nimekuwa nikiomba kwa jicho moja. Kiprop alipofika pale pa kusema Baba, iinue familia hii, sakafu ikaanza kuinuka. Taratibu, bila haraka, kama mtu anayeamka kitini. Sufuria ya maonyesho ikaanza safari kutoka jikoni kwenda chumbani. Dada mmoja akaanza kulia kwa furaha. Kiprop mwenyewe aliongeza sauti, kwa sababu ni mara chache mtu hujibiwa upesi hivyo. Mimi nikaruka nje na mtoto, na huko nje ndiko nilikomwona Khan amening'inia kwenye ile ndoano ya mbele ya kuvutia, viatu vyake haviko chini, anapiga kelele barra, barra, yaani tokeni nje, na anataja na mama zetu kwa lugha ambayo sikuhitaji kutafsiriwa.

Wakafumbua macho. Wakakimbia wote kwa pamoja kwenda mbele. Karavani nayo ikarudi chini kwa kishindo, na Khan akarudi duniani nayo. Wesley akatoka bafuni amezungukwa na mpira wa maji shingoni, uso wake kama wa mtu aliyeona hukumu. Hakuna aliyeumia ila tai ya Kiprop, iliyobanwa na mlango wa kabati. Wa mwisho kutoka alikuwa Ronny, akasema yeye bado anaiona iko sawa.

Khan alipomaliza kujipangusa akatoa sheria. Akawaketisha watu wote juu ya matairi, akawaagizia chai ya maziwa, akasema kuanzia sasa ndani anaingia bibi peke yake. Kiprop akasema kwa desturi zetu wajumbe hawawekwi nje. Khan akamwambia kwa desturi za hapa wajumbe wanakunywa chai.

Akanipeleka kwanza kwenye ndogo. Mama, ilikuwa kama banda la kuku lililopakwa manukato. Pazia la maua, kitanda cha watu wawili wanaopendana sana, jiko la moto mmoja. Nikafungua mkoba nikatoa mwiko. Khan akaniuliza kama ni silaha. Nikamwambia ni kipimo. Nilikuwa nimekuja nao toka nyumbani, na hata Wesley hakujua. Mtu anaweza kukwambia karavani ina urefu huu na upana huu, na mimi shule yangu unaijua, nambari zile zinapita kichwani kama magari. Lakini ugali naujua. Nikasimama mbele ya jiko, nikaweka mkono kama nimeshika sufuria, nikasonga. Kiwiko kikagonga friji. Nikageuka kusonga upande mwingine, kikagonga ukuta, halafu kikagonga mguu wa Valerie mgongoni, akalia. Nikamwambia Khan hii ni nyumba ya watu wanaokula mkate. Alifikiri kidogo, akasema kweli, mke wake kule Peshawar angeshindwa kusukuma hata chapati moja humu. Tangu hapo tukaelewana. Hakujisumbua kunisifia magurudumu.

Ya kati ilikuwa imefichwa nyuma, ina vumbi, na imechubuka ubavu mmoja. Nikaingia, nikasonga. Kiwiko hakikugonga kitu. Nikaupindua ule ugali wa hewa, nikapakua, nikageuka kuuweka mezani, na meza ilikuwa pale pale mtu anapoitaka. Kuna kitanda chetu nyuma, na kuna benchi refu lenye godoro, kipimo cha mtoto mpaka aanze shule. Khan alikuwa amewasha kiyoyozi akaenda kuwatazama wale wa chai. Nikaketi kidogo nimfungue Valerie. Nikatandika leso yako, ile uliyonipangusa nayo machozi uwanja wa ndege, nikamlaza. Unajua hapa kwetu hajawahi kulala mchana akamaliza usingizi. Ronny na simu yake, mlango wa Shamira, jirani wa juu na nyundo yake. Pale alijinyoosha mara moja, akaacha mdomo wazi, akalala. Nikamtazama. Nikasema nami niegemeze kichwa.

Mama, nililala mpaka nikapotea. Walinitafuta kwenye karavani zote. Wesley alipiga simu, na simu ilikuwa chini yangu, sikusikia. Wajumbe walianza kusema labda nimekasirika nikarudi na teksi. Aliyenikuta ni Khan. Wesley ananiambia alipotaka kuingia aniamshe, Khan alimshika mkono, akamwambia ndugu yangu, mwache alale, hii imeshauzwa. Kisha akawaongezea chai.

Nilipoamka Wesley alikuwa amesimama mlangoni ananiangalia. Ule uso wa karavani kubwa haukuwapo tena. Akasema polepole kwamba hakuwa amejua nimechoka hivyo. Nikamwambia hata mimi. Khan akaja akatuonyesha jambo la mwisho. Ile meza ukivuta mguu wake chini inashuka, mito inaungana juu yake, na inakuwa kitanda cha tatu, dirishani. Nikachukua leso yako nikaitandaza juu yake. Ikatosha, na ikabaki nafasi ya miguu. Ronny alikuwa anachungulia kutoka nyuma ya Wesley, na nilimwona anatabasamu. Wesley akaniuliza kitanda hicho ni cha nani. Nikawaambia wote wawili, na sasa nakwambia wewe.

Lakini kwanza nikukumbushe kitu, na usome kwa moyo mweupe, kwa sababu sikuandiki kwa lawama. Unakumbuka ulipokuwa unafanya kazi Nairobi, na mimi nakaa kwa Nyanya? Ulikuja Krismasi moja na gauni la manjano na mkate wa kukatwa. Nyanya akanisukuma mbele akaniambia nisalimie. Nikakupa mkono, nikakwambia shikamoo shangazi. Watu wote wakacheka. Wewe pia ulicheka. Halafu ukachukua mtungi ukaenda kuteka maji, na maji yalikuwepo, mitungi yote imejaa, mimi ndiye niliyeijaza na Nyanya asubuhi. Ulikaa huko mtoni mpaka chai ikapoa. Nilikuwa mdogo, sikuelewa. Nimeelewa mwaka huu, nikiwa nafunga nguo za Valerie kwenye begi la kumkabidhi Charity.

Kwa hiyo, Mama, nasema kwa heshima yote na sitabadilika. Valerie haji. Charity atashuka kwenye basi mwezi wa sita akiwa na sabuni, majani ya chai na salamu, na mgongo wake utakuwa mtupu. Nimeandika mapema ili usiende stendi na blanketi. Begi nimelifungua. Najua itakuuma, na najua chumba kimepakwa chokaa. Nisamehe kwa chokaa. Kwa mtoto sikuombi msamaha, kwa sababu nadhani wewe ndiye unayenielewa kuliko mtu yeyote.

Na kitanda cha tatu ni chako. Wesley ameshaanza kuomba viza ya kukuleta kututembelea. Si ya kudumu, ni ya miezi, lakini miezi ya kutosha Valerie akujue jina na harufu. Uje kiangazi kikipungua, mwezi wa kumi, ili usije ukanikaukia. Utauliza nani anamshika mtoto nikiwa kazini. Mimi nitaingia zamu ya jioni pale tunapofua nguo za hoteli, Wesley anaingia asubuhi, na tukipishana Shamira atakuwepo, kwa sababu hoteli yao imempa chumba karibu na hapo na tayari ananung'unika kwamba kumekuwa kimya mno. Ronny nilimtafutia mwenyewe kitanda kwenye kambi ya wenzake Industrial Area. Alinuna, halafu akasema atakuja Ijumaa kula. Nikamwambia aje, kula kuna nafasi.

Karavani iko Muaither tangu jana, chini ya mtende, jeki zote chini. Nilizikagua mwenyewe. Lango la pale lina tao juu, na ile ya kati ilipita huku kiyoyozi cha paani kikikwaruza kidogo. Wesley alitazama lile tao muda mrefu, kisha akasema ile kubwa ingekwama hapo hapo nusu ndani nusu nje. Nikasema ndiyo, na Ronny akiwa nusu ya nje. Alicheka mpaka akakaa chini. Kiprop na watu wake wanataka kuja kuibariki. Nimewakubalia, ila wataombea nje.

Tafadhali usikiuze kile kitanda ulichonunua. Tutakuja wote Krismasi ya mwaka kesho, na Valerie atakilalia, na ataniita mimi mama na wewe nyanya, kila mtu na jina lake. Ila jambo moja la siri. Dirisha lako na kitanda chetu viko mbali kidogo tu, na Wesley aliniuliza kama unakoroma. Nilimjibu hapana bila kupepesa jicho. Tafadhali usinifanye mwongo.

Nisalimie Silvesta na mkewe, mama Damaris wa dukani, na wote wa jumuiya. Mwambie ng'ombe pole kwa uzazi kama ameshazaa, na kama bado, mwambie namwelewa. Goti ulipake. Ukimaliza kulia, kama umelia, nipigie, na safari hii nitakuacha unimalizie maneno.

Ni mimi mwanao, niliyewahi kukuita shangazi,
Phoebe
(Mama Valerie)